Sasisho Halijazi Simu

Kuna hukumu imeshapitishwa mji mzima wa Tanga bila mtu kukata rufaa. Utaisikia kwa mafundi simu wa Ngamiani, utaisikia ndani ya daladala ya Raskazone, utaisikia kwa wachuuzi wa samaki pale Deep Sea, na ukivuka mto kwa kivuko kutoka Pangani mjini kwenda Bweni utaikuta imekutangulia: usiapdeti simu, itajaa. Wanaoisema hawana chembe ya shaka. Kijana akiona ujumbe wa sasisho kwenye simu ya mama yake huuondoa upesi. "Achana nayo hiyo, mama, itakumalizia nafasi." Na mama hushukuru.

Mimi nasema ushauri huo ni mbaya, na ubaya wake hauishii kwenye kukosea. Unamwachia huru mkosaji. Simu iliyojaa ina wakosaji wake wawili watatu wanaojulikana kwa majina, na sasisho halimo. Lakini kwa kuwa sasisho ndilo linalobisha hodi, ndilo linalokamatwa.

Kwanza tuutendee haki upande wa pili, maana watu hawakuzua. Simu zinazobebwa na wengi pwani hii, kuanzia Horohoro mpakani hadi Mkwaja, ni za bei ya chini: itel, Tecno, Infinix, nyingine zimenunuliwa mkononi kwa mtu. Boksi limeandikwa GB 16, likizidi sana 32. Ukiiwasha siku ya kwanza, kabla hujapiga hata picha moja, unakuta mfumo na programu za kiwandani zimeshakalia sehemu kubwa ya hizo GB. Miezi michache baadaye simu inaanza kulalamika kuwa nafasi inakwisha. Hapo hapo linaingia sasisho, linataka nafasi ambayo haipo, bando lenyewe ni la kupima, na mwenye simu ana mjukuu anayetaka kumpiga picha akiwa kavaa kanzu ya Idi. Nani atamlaumu akimchagua mjukuu? Tena yupo jirani aliyekubali sasisho mwaka jana, simu yake ikawa nzito. Yote hayo yametokea. Tatizo ni sababu tuliyoyabambikia.

Simu ya Android ni kompyuta ya Linux. Kiini chake ni kile kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991, na kiini hicho kimo katika kila Tecno iliyoko mfukoni Chumbageni, mwenyewe ajue asijue. Linux haina desturi ya kumwaga kila kitu mahali pamoja. Hifadhi ya simu hugawanywa kiwandani: mfumo una sehemu yake, na picha, programu na meseji zako zina sehemu yake. Chukua nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba amejiwekea chumba kimoja na kukitia kufuli. Akibadilisha samani za chumba chake, ukumbi wako haupungui hata shubiri. Sasisho la mfumo hufanya vivyo hivyo. Toleo jipya linaandikwa mahali pa toleo la zamani, katika sehemu ambayo wewe hukuwahi kuruhusiwa kuweka hata picha moja.

Mbona basi linadai nafasi yangu? Kwa sababu mzigo lazima upite ukumbini kabla haujaingia chumbani. Katika simu za mtindo wa zamani, furushi la sasisho hupakuliwa kwenye sehemu ya mtumiaji, simu inajizima na kujiwasha, mfumo unaandikwa upya, kisha furushi linatupwa. Android 7, mwaka 2016, ilileta njia ya kuweka mifumo miwili sambamba, mmoja ukitumika huku mwingine ukiandikwa, ili kazi ikiharibika simu irudi kwenye ule wa kwanza. Njia hiyo ilikuwa na ulafi wa hifadhi kweli kweli. Ndipo Android 11, mwaka 2020, ikaja na ujanja wa kuandika tofauti tu kati ya mfumo wa zamani na mpya, ikiazima nafasi kwa mtumiaji pale panapokuwa padogo. Simu ikishawaka salama, tofauti hizo huunganishwa na mfumo, na nafasi iliyoazimwa hurudi kwa mwenyewe. Ni mkopo wa muda mfupi, na hulipwa.

Wapenzi wa simu za Linux wenye kumbukumbu ndefu wanaikumbuka Nokia N900 ya mwaka 2009. Ilikuwa na hifadhi ya GB 32, utajiri mkubwa kwa wakati ule, lakini sehemu ya mfumo ilipewa MB 256 tu. Mtu alikuwa anaona magigabaiti matupu, huku sasisho likikataa kwa kukosa nafasi, kwa sababu programu alizopakia zilikuwa zimejazana katika kile kipande kidogo. Hakuna aliyetangaza kwamba masasisho ni adui. Waandishi wa programu walianza kuzihamishia programu zao kwenye ile hifadhi kubwa, na watumiaji wakajifunza kuuliza kabla ya kufuta: ni sehemu ipi iliyojaa, na imejazwa na nini? Swali hilo ndilo ambalo sisi hatujaliuliza.

Sasa fundi. Fundi ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo nampa kwa moyo mweupe. Programu zilizokuja na simu zimekaa katika chumba kile cha kufuli. Zikisasishwa kupitia Play Store, toleo jipya haliwezi kuingia humo. Linakaa upande wako, na toleo la kiwandani linabaki palepale halitumiki. Programu moja, nafasi mara mbili. Fundi anapofungua orodha ya programu na kuondoa masasisho ya moja baada ya nyingine, MB mia kadhaa zinarudi mbele ya macho yako, nawe unamlipa na kumsifu. Lakini tazama alichokifanya. Kwa programu usiyoitumia, mathalani mchezo wa kiwandani au kivinjari cha pili, amefanya sawa, ingawa angeizima kabisa ingekuwa bora zaidi. Kwa Chrome, kwa huduma za Google Play, kwa kile kipande kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, amekurudisha kwenye siku simu ilipotoka kiwandani, na matundu yote yaliyozibwa tangu siku hiyo ameyafungua upya. Na usiku huo huo, simu ikipata mtandao, Play Store itazipakua zote tena kwa bando lako. Umelipia mara mbili, na wiki ijayo utarudi dukani kwake.

Nampa na jambo jingine: programu zinanenepa. Wanaoziandika wanatembea na simu za GB 256, na simu ya itel wanaiona kwenye takwimu tu. Google walipoleta Android Go mwaka 2017 walisema ni mfumo mwepesi kwa simu zenye RAM ya GB 1 au pungufu. Ilipofika Android 13, mfumo huo huo mwepesi ukawa hautaki simu mpya yenye RAM chini ya GB 2 na hifadhi chini ya GB 16. Mstari umesogezwa na aliyeuchora. Hilo ni kosa, na lina mwenyewe.

Lakini hata tukiuweka unene huo wote kwenye mizani, bado haufikii kinachokaa ukumbini. Twende huko, maana huko ndiko kesi iliko.

Fungua programu ya mafaili, uingie folda ya WhatsApp. Mtu wa Tanga yumo katika grupu la ukoo, grupu la harusi iliyokwisha kuliwa pilau zamani, grupu la madrasa, grupu la msiba, grupu la waliomaliza pamoja Usagara au Galanos, na grupu la Coastal Union ambalo baada ya kila mechi ya Mkwakwani hutuma goli lile lile kwa pembe sita. Kila kinachoingia kinajipakua chenyewe, kwa sababu hakuna aliyegusa mpangilio wa kujipakua. Mawaidha ya saa nzima yanasikilizwa dakika tano na kubaki. Taarabu ya mwaka juzi ipo. Kadi za "asubuhi njema" zenye maua zipo, na nyingi zimeingia kutoka magrupu matatu tofauti.

Hayo yanaonekana. Yapo yasiyoonekana, na ndiyo mabaya zaidi. Ukituma video kutoka galari, WhatsApp inatengeneza nakala yake na kuiweka katika folda ya vilivyotumwa, folda ambayo galari haikuonyeshi. Kwa hiyo video ya kuzaliwa kwa mtoto unayo mara mbili, na unajua habari ya moja. Kisha kila usiku mnamo saa nane WhatsApp hujitengenezea nakala ya meseji zako zote ndani ya simu, na huhifadhi nakala za takriban siku saba. Mwenye meseji za MB 300 ana zaidi ya GB 2 za nakala anazozibeba pasipo habari. Angebakiza ile ya karibuni kabisa na kufuta za nyuma, angekuwa amepata nafasi ambayo fundi hajawahi kumpatia. WhatsApp yenyewe ina ukurasa wa kusimamia hifadhi, unaokupangia mafaili yanayozidi MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Ni watu wangapi wa mtaani kwako wameufungua?

Kuna na kapu la taka. Mtu anafuta picha mia mbili kwa uchungu, anatazama hifadhi, haoni badiliko, anakata tamaa. Katika Google Photos picha iliyofutwa hukaa kapuni siku 30 kama haikuhifadhiwa mtandaoni, na siku 60 kama imehifadhiwa. Hujaitupa mpaka umwage kapu.

Ukiyajua hayo utaelewa kilichompata yule jirani. Android huanza kulia pale nafasi inapobaki asilimia 5 ya sehemu yako au MB 500, kiasi chochote kilicho kidogo zaidi. Simu inayofika hapo huwa tayari imeshaelemewa: chipu ya hifadhi haina mahali pa kupangia data, kila kuandika kunachukua muda, programu zinagandaganda. Sasisho likija, simu inapanga upya programu zake na inakuwa nzito zaidi kwa muda. Jirani akaona mambo mawili yamefuatana, akaamua la kwanza ndilo lililozaa la pili. Naam, yapo masasisho makubwa, ya kuhama kutoka Android moja kwenda nyingine, yanayoizidi nguvu simu ya RAM ndogo. Lakini simu za bei yetu mara nyingi hazipati hata moja la aina hiyo. Huzeeka na toleo zilizozaliwa nalo. Kinachozifikia ni viraka vya usalama na programu za Play Store. Tunakiogopa kitu ambacho mtengenezaji wala hakukusudia kutuletea.

Kuhusu kurudisha simu kiwandani sitasema mengi kwa sababu hasira zitanizidi. Ndiyo dawa inayoandikwa haraka kuliko zote, na haigusi toleo la mfumo hata kidogo. Inafagia ukumbi peke yake. Kinachopotea ni meseji za marehemu baba, picha za shule, namba za wateja wa mama anayeuza mwani. Kinachopatikana ni nafasi itakayojaa tena kwa muda ule ule, maana magrupu hayakurudishwa kiwandani. Na memori kadi? Ni nzuri kwa picha na video, ihamishie huko, lakini usitegemee sasisho la mfumo likae juu yake, na usiinunue iliyoandikwa GB 256 kwa bei ya samaki wawili.

Hoja moja ya upande wa pili ina uzito ambao sitaki kuupunguza: bando. Mtu wa Kigombe anayenunua MB za siku hawezi kuambiwa apakue GB nzima kwa sababu mwandishi fulani amesema ni vizuri. Sawa. Lakini tazama hoja imehama. Tulikuwa kwenye nafasi, sasa tuko kwenye pesa, na pesa ina njia zake. Zima masasisho ya kujiendesha kwa data, kisha sasisha programu moja moja, ukianza na WhatsApp, Chrome na programu ya benki. Nyingine zingoje siku utakayopata waifai kazini au kwa ndugu. Tena mwaka 2021 Play Store ilileta njia ya kupokea programu kutoka simu ya mwenzako aliye karibu bila kutumia data, na programu hiyo inakaguliwa kama ni halali. Vijana wanaorushiana filamu barazani kila jioni wangeweza kumrushia mama WhatsApp mpya kwa muda mfupi. Badala yake wanamrushia GB WhatsApp, ambayo si ya kampuni yenye WhatsApp. Mwaka 2021 watafiti wa Kaspersky waliikuta moja ya jamii hiyo, FMWhatsApp, imebeba Triada, programu haramu inayoweza kuingiza nyingine nyuma ya mgongo wa mwenye simu.

Nimekwisha ambiwa: wezi wa Tanzania hawahitaji matundu ya kompyuta. Wanatuma "ile hela itume kwenye namba hii" na watu wanatuma. Na pesa zetu, wanaongeza, tunazifikia kwa *150*00#, hata kwa kitochi. Ni kweli kwamba ulaghai wa maneno unaliza watu zaidi. Lakini hilo haligeuzi mlango mbovu kuwa mzima. Mei 2019 WhatsApp iliwataka watumiaji wake wote, watu bilioni moja na nusu, wasasishe, kwa sababu simu ya sauti tu, hata usipoipokea, iliweza kupandikiza programu ya upelelezi. Waliolengwa walikuwa watu mahususi, si wachuuzi wa Deep Sea. Tundu lilikuwa katika simu ya kila mmoja. Septemba 2023 likagunduliwa tundu katika maktaba ya picha za WebP, na kivinjari chenye tundu hilo kiliweza kuvamiwa kwa picha iliyotengenezwa maalumu. Picha, kitu tunachopokea mamia kwa wiki.

Mfano wa karibu zaidi na mifuko yetu ni Tecno W2. Agosti 2020 ilifichuliwa kuwa simu za aina hiyo zilizouzwa Afrika, Ethiopia na Ghana zikiwamo, zilikuwa na Triada na programu nyingine haramu, xHelper, ndani yake, zikinunua huduma kwa salio la mwenye simu bila yeye kujua. Transsion, kampuni yenye Tecno, ilijibu kwamba dawa ilikwisha tolewa, na mwenye simu alitakiwa kuipakua. Dawa yenyewe ilikuwa sasisho. Aliyekuwa ameambiwa na fundi "usiapdeti" aliendelea kukatwa salio, huku akisifu nafasi aliyoiokoa.

Na nafasi hiyo haimwokoi mbali. Tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android zote zilizo chini ya 5.0. Vitochi janja vya KaiOS, ambayo nayo imejengwa juu ya Linux, viliuzwa kwetu kwa sifa moja kubwa, kwamba vina WhatsApp; mwaka 2024 haikuwezekana tena kuipakua upya, na mwanzoni mwa 2025 hata waliokuwa nayo wakakatiwa. Simu haikuharibika, betri inakaa, redio inasikika. Kilichokwisha ni masasisho.

Hapo ndipo kelele zetu zingepaswa kwenda. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji kutaja simu yake itapata masasisho ya usalama hadi lini. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, unataka masasisho ya mfumo yaendelee angalau miaka mitano baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Kwetu, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilionyesha Juni 2016 kwamba ikitaka inaweza: ilizima simu bandia nchi nzima, na kila mtu akajifunza kubonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090. Mamlaka yenye ubavu huo inaweza pia kudai mstari mmoja juu ya boksi, unaosema mwezi na mwaka ambao simu hii itaachwa yatima, na mwingine unaosema ni GB ngapi zinazobaki kwa mnunuzi baada ya mfumo kuchukua zake.

Boksi la leo linataja megapikseli za kamera, mAh za betri na inchi za kioo. Yamo yote hayo kwa sababu wanunuzi huyauliza wakiwa kaunta. Mstari wa masasisho haumo. Muuzaji ameshawasikia wateja wake wakiapa kwamba hata likija hawalitaki, na mtengenezaji amefikiwa na habari hiyo. Basi aingie gharama ya kulitengeneza kwa ajili ya nani?